Mabao 73 Yaliyobaki Nyumbani

Paukwa!

Pakawa.

Haya, sogeeni karibu, na mwenye kalamu na karatasi aishike, maana leo tutapiga hesabu. Leo simleti Sungura wala Fisi. Naleta namba za mechi za kufuzu, zile mechi ambazo timu za taifa huchujana kwa miezi, hata miaka, mpaka zibaki chache za kwenda kwenye fainali. Wengi hukumbuka fainali zenyewe, nani alibeba kombe na nani alilia. Mimi napenda mchujo. Huko ndiko visa vilipo.

Tuanzie mbali, kwenye mji wa pwani ya Australia uitwao Coffs Harbour, tarehe 11 Aprili 2001. Mechi ni ya kufuzu Kombe la Dunia la 2002. Wenyeji ni Australia. Wageni ni Samoa ya Marekani, visiwa vya bahari ya Pasifiki ambavyo watu wake wote, wazee kwa watoto wachanga, hawakufika 60,000. Ungewaleta wote Uwanja wa Mkapa pale Temeke, kila mtu angepata kiti.

Kwa dakika kumi za mwanzo matokeo yalikuwa 0-0. Liandikeni hilo, kwa sababu hakuna anayelikumbuka. Kisha ikapigwa kona, mpira ukaingia wavuni, na mlango ukawa umefunguka. Mapumziko yalipofika ilikuwa 16-0. Filimbi ya mwisho ilipolia, ubao wa matokeo ulionyesha 32-0. Waliokuwa wakiuendesha walikuwa wamepotea njiani! Maofisa wakarudi kwenye karatasi zao, wakahesabu upya bao kwa bao, wakapata 31.

Gawanyeni 90 kwa 31. Mmepata chini ya 3, sivyo? Basi kila dakika tatu, pungufu kidogo, kipa alikuwa anainama kuutoa mpira wavuni. Mshambuliaji mmoja, Archie Thompson, alifunga 13 peke yake. Mwenzake David Zdrilic akafunga 8. Mpaka leo haijapatikana mechi ya kimataifa ya timu za taifa iliyoisha kwa pengo kubwa kuliko hilo, wala mchezaji aliyefunga mengi kuliko Thompson katika mechi moja. Na Samoa ya Marekani? Walipata shuti moja la maana, dakika ya 86. Kipa wa Australia akalidaka.

Sasa namsikia mmoja wenu huko nyuma anacheka. Usicheke bado. Kwanza uliza waliocheza ni akina nani.

Samoa ya Marekani si nchi huru, ni eneo lililo chini ya Marekani. FIFA ilitaka kila mchezaji awe na pasipoti ya Marekani, na wengi katika timu hawakuwa nayo. Kwenye kikosi cha watu 20 kilichoandaliwa, aliyeruhusiwa kucheza alibaki mmoja tu, kipa Nicky Salapu. Viongozi wakakimbilia timu ya vijana chini ya miaka 20, wakakuta wengi wana mitihani shuleni. Basi wakaokoteza. Kikosi kilichopanda ndege kilikuwa na vijana watatu wa miaka 15. Miaka 15, wanangu! Hao ndio waliosimama mbele ya watu wazima wanaolipwa mshahara kwa kucheza mpira. Australia wenyewe hawakuwa na nyota wao wakubwa, Mark Viduka na Harry Kewell, na bado hali ikawa hiyo.

Kwa hiyo ukisoma 31-0, ujue unasoma pia habari za pasipoti na ratiba ya mitihani. Namba haisemi uongo, ila haisemi yote. Na kisa hakikuishia pale. Tarehe 22 Novemba 2011, mjini Apia katika nchi jirani ya Samoa, timu hiyohiyo ilicheza na Tonga mechi ya kufuzu. Kocha alikuwa Thomas Rongen, mzaliwa wa Uholanzi. Golini alisimama Nicky Salapu, yuleyule aliyeokota mipira 31. Wakashinda 2-1. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza tangu wajiunge na FIFA mwaka 1998.

Turudi kwa Australia, kwa sababu watu husimulia 31-0 kisha huenda kulala, ilhali kisa kitamu kinafuata. Siku mbili kabla ya mechi ile, Australia walikuwa wameifunga Tonga 22-0. Wakaendelea: Fiji 2-0, Samoa 11-0. Jumlisheni: mechi nne, mabao 66, na hawakuruhusu hata moja. Fainali ya Oceania wakaifunga New Zealand 2-0 ugenini na 4-1 nyumbani. Sasa wana mabao 72. Lakini Oceania wakati ule haikuwa na nafasi yake ya moja kwa moja kwenye Kombe la Dunia. Bingwa wao alilazimika kucheza na timu ya Amerika Kusini, na safari ile ilikuwa Uruguay. Mjini Melbourne, Novemba 2001, Australia wakashinda 1-0. Mabao 73. Wakapanda ndege hadi Montevideo, wakafungwa 3-0.

Basi. Mechi nane, wameshinda saba, wamepoteza moja. Mabao 73 ya kufunga, manne ya kufungwa. Na Kombe la Dunia la 2002 wakalitazama kwenye televisheni.

Mnaona? Mabao 31 ya Coffs Harbour yalileta pointi tatu, sawasawa na ambazo 1-0 ingeleta. Hayawekwi benki ili uje kuyatoa ukiwa Montevideo umekwama. Baada ya hapo visiwa vidogo vya Oceania vikapangiwa hatua yao ya awali ili visikutane na wakubwa mapema, na mwaka 2006 Australia wenyewe wakahamia Shirikisho la Asia, ambako mechi ni ngumu lakini nafasi ni nyingi zaidi.

Lakini msiondoke na wazo kwamba mabao mengi hayana kazi. Kuna siku bao la 12 lilikuwa na thamani kubwa kuliko yote yaliyolitangulia.

Ni Desemba 1983, Ulaya, mchujo wa Kombe la Mataifa ya Ulaya la 1984. Kundi lina Hispania na Uholanzi wanaoshindania nafasi moja. Uholanzi wamemaliza mechi zao zote nane. Wana pointi 13, wakati ule ushindi ukilipwa pointi mbili, si tatu kama siku hizi. Wamefunga 22, wamefungwa 6. Toa 6 kwenye 22, unapata 16. Hiyo ndiyo tunaita tofauti ya mabao. Hispania wamebakiwa na mechi moja, nyumbani, dhidi ya Malta. Wana pointi 11, wamefunga 12, wamefungwa 7. Toa, unapata 5.

Haya, mwenye kalamu aniambie: Hispania washinde kwa mabao mangapi?

Wakishinda tu, pointi zinakuwa 13 kwa 13. Kisha inaangaliwa tofauti ya mabao. Kutoka 5 kwenda 16 wanahitaji 11. Wakishinda 11-0, tofauti inakuwa 16 kwa 16, na hapo anapita aliyefunga mengi zaidi: Hispania 23, Uholanzi 22. Kwa hiyo jibu ni kumi na moja. Nani anamfunga mtu mabao 11 kwa kupanga?

Mechi ilichezwa Seville usiku wa tarehe 21 Desemba. Mapema tu Hispania wakapata penalti. Juan Señor akaipiga, ikagonga mwamba. Kisha, kama vile hilo halikutosha, Malta wakafunga bao. Sasa 11-0 imekufa, inatakiwa 12-1. Wakati wa mapumziko ubao ulisoma 3-1. Dakika 45 zimebaki, mabao tisa yanahitajika.

Yakaingia. Santillana akamaliza na manne, Poli Rincón manne. Ilipofika 11-1 uwanja mzima ulikuwa umesimama. Na bao la 12 nani alilifunga? Juan Señor, yule wa penalti iliyogonga mwamba. Hispania 24 kwa 8, Uholanzi 22 kwa 6, tofauti 16 kwa 16, na Hispania wakapita kwa sababu 24 ni kubwa kuliko 22. Wakafika mpaka fainali kule Ufaransa, wakafungwa na wenyeji. Laiti Malta wangefunga bao jingine moja tu dogo lisilo na maana, Uholanzi wangekwenda.

Wanangu, shikeni hapa, kwa sababu kisa kinachofuata kinahitaji mkumbuke kanuni ile ya Seville, kisha muitupe.

Tunarudi Afrika. Tarehe 8 Oktoba 2011, uwanja wa Mbombela, Nelspruit, Afrika Kusini. Ni mechi ya mwisho ya kundi kufuzu Fainali za Mataifa ya Afrika za 2012. Afrika Kusini, wale tunaowaita Bafana Bafana, wanacheza na Sierra Leone. Wakati huohuo Niger wako Misri, na wanapigwa 3-0. Pale Nelspruit mambo ni 0-0. Bafana Bafana wanatazama jedwali kichwani: sisi tukitoka sare tutakuwa na pointi 9, Niger wana 9, Sierra Leone watakuwa na 9. Tofauti yetu ya mabao ni nzuri kuliko ya wote. Kwa hiyo dakika za mwisho hawakuhangaika kutafuta bao. Filimbi ikalia, wakaanza kucheza ngoma katikati ya uwanja. Wakazunguka kushangilia na mashabiki. Televisheni ikaonyesha furaha.

Kisha mtu akafungua kitabu cha kanuni.

Shirikisho la Soka Afrika, CAF, halikuanza na tofauti ya mabao ya kundi zima. Lilianza na matokeo ya wao kwa wao, maana yake unazitoa mechi zote za timu nyingine, unabakiza zile ambazo waliolingana walikutana wenyewe, unapiga hesabu upya. Tuipige. Misri tunawatoa. Afrika Kusini na Niger: kila mmoja alishinda nyumbani kwake, pointi tatu kwa tatu. Niger na Sierra Leone: vilevile, tatu kwa tatu. Afrika Kusini na Sierra Leone: 0-0 mara mbili, pointi mbili kwa mbili. Jumla: Niger 6, Afrika Kusini 5, Sierra Leone 5.

Niger ndio waliofuzu! Niger waliokuwa wametoka kupigwa tatu na Misri siku hiyohiyo. Ukitazama mechi zao zote sita, walifunga 6 na kufungwa 8. Yaani walikuwa na hasi mbili, na Afrika Kusini chanya mbili. Wenye hasi wakaenda fainali kwa mara ya kwanza katika historia yao, wenye chanya wakafuta jasho la ngoma. Viongozi wa soka wa Afrika Kusini wakakata rufaa, halafu wakaiondoa wenyewe. Ungewasamehe wachezaji, kwa kuwa wao kazi yao ni kucheza. Lakini benchi zima, pamoja na viongozi waliovaa suti, hakuna aliyesoma? Bao moja tu lingewapa pointi 11 na kusingekuwa na haja ya kitabu.

Sasa mko tayari kwa kisa cha kwetu.

Tanzania ilikwenda Fainali za Mataifa ya Afrika mara ya kwanza mwaka 1980, Lagos. Wazee wenu watawaambia habari za Peter Tino na bao lake la Ndola, Zambia, mwaka 1979, sare ya 1-1 iliyotosha kwa sababu Dar es Salaam tulikuwa tumeshinda 1-0. Wakati ule fainali zilikuwa na timu 8 tu. Nigeria waliingia kama wenyeji na Ghana kama mabingwa watetezi, kwa hiyo bara zima liligombea nafasi sita. Baada ya hapo ikapita miaka 39. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaoa, wakazaa, na Taifa Stars, timu yetu ya taifa, haijarudi.

Mchujo wa 2019 ukaja na mabadiliko: timu za fainali zimeongezwa kutoka 16 hadi 24, na kila kundi linatoa mbili. Mnapolinganisha 1980 na 2019, hilo mliweke mezani, vinginevyo mnamwonea Peter Tino. Kundi letu lilikuwa na Uganda, Lesotho na Cape Verde. Mwanzo haukuwa mzuri. Sare ya 1-1 na Lesotho nyumbani. Sare ya 0-0 Kampala. Praia, Cape Verde, tukalambishwa tatu. Siku nne baadaye Dar es Salaam tukawalipa 2-0. Kisha Maseru, ugenini kwa Lesotho, tukafungwa 1-0, na hapo wengi wakazima redio.

Imebaki mechi moja. Andikeni msimamo: Uganda 13, wameshafuzu. Lesotho 5. Tanzania 5. Cape Verde 4. Siku ya mwisho, tarehe 24 Machi 2019, Tanzania wanaikaribisha Uganda na Lesotho wako Praia kwa Cape Verde.

Tukishinda tunakuwa na 8. Lesotho nao wakishinda wana 8. Sasa tumieni kanuni ya Nelspruit, ile ya wao kwa wao. Tulitoka sare nao moja, wakatufunga moja. Wanapita wao. Hata tungewafunga Uganda kumi, wangepita wao. Kwa hiyo haikutosha kushinda Dar es Salaam, ilibidi pia Lesotho wasishinde Praia, kilomita maelfu upande wa pili wa bara, mahali ambapo hatuna mchezaji hata mmoja wa kutusaidia.

Na Uganda nao hawakuwa wepesi. Katika mechi tano walikuwa hawajafungwa bao hata moja. Tano, sifuri. Ile ndiyo takwimu iliyowatisha watu wiki nzima.

Uwanja ukafurika. Simon Msuva akafunga la kwanza. Erasto Nyoni akafunga la pili kwa penalti. Aggrey Morris akapiga kichwa, la tatu. Uganda, waliolinda lango lao mechi tano nzima, wakala tatu katika mechi moja, na ndizo tatu pekee walizofungwa katika mchujo wote. Lakini nusu ya uwanja ilikuwa inatazama mpira na nusu nyingine inatazama simu, kwa sababu ya Praia. Praia ikaisha 0-0. Lesotho wakabaki na pointi 6. Sisi tuna 8, tumeshinda mbili, sare mbili, tumepoteza mbili, na kocha Emmanuel Amunike akabebwa na furaha ya nchi nzima. Rais John Magufuli aliwaita wachezaji Ikulu, akawazawadia viwanja Dodoma.

Safari ile majirani nao walivuna. Kenya walikwenda, Uganda walikwenda, na Burundi wakafuzu kwa mara yao ya kwanza kabisa, baada ya kuwabana Gabon ya Pierre-Emerick Aubameyang 1-1 Bujumbura.

Sasa ile takwimu niipendayo kuliko zote. Mchujo wa Fainali za Mataifa ya Afrika za Ivory Coast, ulioisha Septemba 2023, Tanzania tulipangwa na Algeria, Uganda na Niger. Tulipata pointi ngapi? Nane tena. Tumeshinda mbili, sare mbili, tumepoteza mbili. Tena! Na safari hii, katika mechi sita, tulifunga mabao matatu tu na tukafungwa manne. Hasi moja. Mechi ya mwisho tulikwenda Annaba, Algeria, tukakaba dakika zote 90, ikaisha 0-0, Uganda wakabaki nyuma na pointi 7.

Matatu. Australia walikuwa na 73 na wakabaki nyumbani. Najua, mtaniambia lile ni Kombe la Dunia na hili ni la Afrika, na mabara hayalingani. Ni kweli. Lakini ziwekeni namba hizo mbili pamoja kwenye karatasi mzitazame.

Kuna jina moja limepita humo kimyakimya. Msuva alifungua lango la Uganda mwaka 2019. Kati ya yale mabao matatu ya mchujo wa 2023, alifunga lile la ushindi wa 1-0 dhidi ya Uganda haohao, mechi iliyochezwa Ismailia, Misri, ingawa wenyeji kwa jina walikuwa Uganda. Na tarehe 19 Novemba 2024, Dar es Salaam, tulipohitaji kuishinda Guinea ili twende Fainali za Mataifa ya Afrika kule Morocco, matokeo yalikuwa 1-0, na mfungaji ni yeye. Ukihesabu mabao tu, wako wengi duniani waliofunga zaidi yake. Ukihesabu mabao yaliyofungua mlango, orodha inakuwa fupi.

Tukiwa kwa wafungaji, nani amefunga mengi zaidi katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia? Mmejibu vizuri, Cristiano Ronaldo. Oktoba 2025, Ureno walipotoka 2-2 na Hungary, alifunga yote mawili na kufikisha 41. Lakini aliyekuwa na rekodi hiyo kabla yake, mnamjua? Carlos Ruiz wa Guatemala, mabao 39. Mechi yake ya mwisho, mwaka 2016, dhidi ya Saint Vincent na Grenadines, alifunga matano, akampita Ali Daei wa Iran aliyekuwa na 35, kisha akaaga. Huyu Ruiz hajawahi kucheza Kombe la Dunia hata dakika moja, kwa sababu Guatemala haijawahi kufuzu. Gawanyeni 39 kwa 3. Mnapata 13, yale ya Archie Thompson ya jioni moja. Ruiz alitumia miaka mingi kukusanya kile ambacho jioni tatu kama ile zingempa, na kwangu mimi mabao yake 39 ni mazito zaidi.

Brazil nao nisiwapite. Tangu waanze kucheza mechi za kufuzu hawakupoteza hata moja mpaka tarehe 25 Julai 1993, walipofungwa 2-0 na Bolivia mjini La Paz. Uwanja wa La Paz uko zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Waliopanda Kilimanjaro wanalijua banda la Horombo. Karibu sawa na hapo, na ukiwa hapo unakimbia nyuma ya mpira dakika 90. Mwaka 2009 Argentina, kocha wao akiwa Diego Maradona, walikwenda kulekule wakapigwa 6-1. Kwenye jedwali hakuna safu ya kuandika pumzi.

Bado kimoja, kisha mkalale. Ni cha timu mbili zilizolingana mpaka kanuni zikaisha.

Kombe la Dunia la 1966 Afrika haikuwemo kabisa. FIFA ilitaka Afrika, Asia na Oceania zigombanie nafasi moja, na nchi za Afrika zikagoma. Mgomo ukazaa matunda: kwa Kombe la 1970 kule Mexico, Afrika ikapewa nafasi moja yake yenyewe. Nafasi moja kwa bara zima. Katika mchujo huo, mwaka 1969, Morocco wakakutana na Tunisia. Tunis, 0-0. Morocco, 0-0. Ikabidi mechi ya tatu katika nchi nyingine, wakacheza Marseille, Ufaransa. Dakika 90, kisha muda wa nyongeza. 2-2.

Mikwaju ya penalti ya kuamua mshindi haikuwepo kwenye kanuni. Mabao ya wao kwa wao? Sawa. Tofauti? Sifuri kwa sifuri. Mechi tatu, hakuna aliyemshinda mwenzake. Basi ikatolewa sarafu, ikarushwa juu.

Ikaanguka upande wa Morocco. Tunisia wakarudi nyumbani bila kufungwa na mtu. Morocco bado walikuwa na kazi ya kuwapita Sudan na Nigeria, wakawapita, wakaenda Mexico. Huko walitangulia kuwafunga Ujerumani Magharibi kabla ya kupoteza 2-1. Wakafungwa na Peru. Na tarehe 11 Juni 1970, mjini León, wakatoka 1-1 na Bulgaria, na hiyo ikawa pointi ya kwanza kabisa ya timu ya Afrika kwenye Kombe la Dunia.